Kijana Akiitwa Kwenye Usaili



Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifungua Nairobi kituo cha kutunga programu, yaani maagizo yafuatwayo na kompyuta. Mwanao akiitwa kwenye usaili wa kazi ya namna hiyo, ataulizwa nini?

Hupewa fumbo. Kwa mfano, daftari lina majina 100, yamepangwa kuanzia A mpaka Z. Utalipataje jina moja upesi? Tazama jina la katikati. Silo? Acha nusu isiyohusika, kisha tazama katikati ya nusu iliyobaki. Fanya hivyo tena na tena; hutatazama zaidi ya mara 7.

Naye aeleze mawazo yake kwa sauti, maana wasaili hutaka kujua jinsi anavyofikiri. Akiajiriwa, wenzake wataikagua kazi yake na kuisahihisha. Asione haya.

Sasa angalieni sana. Mtu akikwambia, “Lete fedha nimpatie mwanao kazi,” huyo ni mwizi. Usiuze shamba. Kampuni ya kweli haiuzi kazi. Isome barua mwenyewe, neno kwa neno. Ndiyo faida ya kisomo.

Andikeni: usaili, fumbo, daftari. Kwa herini.