Tunachokiita Uvivu



Jioni ya leo nazungumzia jambo ambalo majumbani tunalimaliza kwa neno moja. Kijana kamaliza chuo, mwaka wa pili huu anasubiri ajira. Anaamka saa nne. Simu haitoki mkononi mpaka chaji iishe. Mama yake alimwomba ndoo mbili za maji tangu asubuhi. Jua linazama, ndoo ziko pale pale. “Mvivu huyu,” tunasema, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nasema tunamwonea, na nitaeleza kwa nini.

Twende kwanza Marienthal, kijiji cha Austria kisicho mbali na Vienna. Karibu kila familia pale iliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Uchumi wa dunia ulipoporomoka kiwanda kikafungwa, na kufikia 1930 kijiji karibu chote hakikuwa na kazi. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda na wenzao kuchunguza maisha ya watu wale. Hawakwenda na hojaji mkononi tu: waligawa nguo, walileta daktari, wakazoeana na watu. Kitabu chao kilitoka 1933, na hadi leo sijaona kingine kinachoeleza jambo hili vizuri zaidi.

Watu wa Marienthal sasa walikuwa na muda wote. Maktaba ya wafanyakazi ilikuwapo, na ada ya kuazima ilikuwa imefutwa. Hata hivyo, kati ya 1929 na 1931 vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu. Waliokuwa wakisoma usiku baada ya kuchoshwa na mashine, sasa mchana kutwa hawana la kufanya na kitabu hawakigusi. Watafiti walikaa mahali pa kujificha wakawatazama wapita njia katika barabara kuu. Wanaume walijikokota, wakasimama, wakaenda kidogo, wakasimama tena. Wanaume wengi walikuwa hata hawatembei tena na saa. Walipoombwa waandike siku yao saa kwa saa, walikumbuka kuamka, kula na kulala. Yaliyopita katikati hawakuweza kuyataja.

Wanawake walipita barabara ile ile kwa haraka. Umaskini wao ulikuwa ule ule, tena pengine mchungu zaidi, maana wao ndio waliokuna vichwa watoto wale nini. Lakini walikuwa na moto wa kuwasha, nguo za kutia viraka, mtoto anayerudi shule saa fulani. Siku yao ilikuwa na mwanzo na mwisho. Jahoda aliendelea na suala hili kwa miaka mingi baadaye, akaonyesha kwamba kazi, mbali na mshahara, humgawia mtu siku yake, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, na humpa nafasi inayomtambulisha.

Kwa hiyo ari haikai kifuani mwa mtu peke yake. Inajengwa kila siku na vitu vilivyo nje yake: saa ya kufika, mtu anayekungoja, kazi ambayo mwisho wake unauona. Viondoe hivyo, na mchapakazi hodari atalegea, kama walivyolegea wanaume wa Marienthal.

Wapo watakaosema kijana wetu wa ndoo mbili hana hamu ya maisha. Maabara inatujibu vingine. Mtafiti John Salamone na wenzake walipunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe, katika ubongo wa panya. Panya wale hawakuacha kupenda chakula. Walikila vizuri kilipokuwa karibu. Kilichopungua ni utayari wa kupanda kizuizi kwenda kwenye chakula kingi zaidi. Kutaka kitu na kuweza kuanza safari ya kukifuata ni mambo mawili.

Sasa tiba: tujifunze kwa waliowatibu wagonjwa wa sonona, ambao nao hushindwa kuanza. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alifundisha kwamba mtu aliyezama katika sonona asingoje moyo uchangamke ndipo atende; arudishwe kidogo kidogo kwenye matendo, na moyo utafuata. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Neil Jacobson na wenzake waliwapima watu wapatao 150 wenye sonona. Waliopewa tu sehemu ya tiba inayohusu kupanga na kutenda walipata nafuu sawa na waliopewa tiba kamili, pamoja na kurekebisha mawazo.

Nimeliona hili ofisini kwangu. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alipotea kwa muda mrefu, kisha siku moja akasimama mlangoni.

“Shikamoo mwalimu. Nasubiri kichwa kitulie, nitaleta sura nzima ya tasnifu.”

“Marahaba. Sura siitaki. Kesho saa tatu njoo ukae kiti hicho, uandike maelezo ya jedwali moja. Mimi nitakuwa hapa nasahihisha mitihani.”

Alikuja. Mwanzoni alifuta zaidi ya alivyoandika. Ilipofika saa tano alikuwa katika jedwali la pili, na nilipomuuliza kama atakunywa chai hakunisikia.

Ila mzazi, sikiliza hapa. Kama huzuni au kutojali kumekaa wiki mbili au zaidi, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, au kijana anazungumzia kufa, usihangaike na ratiba. Mpeleke hospitali, leo.

Kwa wengine wote, tazameni tunachofanya sisi wenyewe. Siku mwanafunzi anapovaa joho, tunamwondolea kwa mkupuo mmoja ratiba, maktaba, wenzake, na mwalimu wa kumuuliza “umefikia wapi?” Kisha tunashangaa kwamba haamki.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, naomba wahitimu wasio na ajira waruhusiwe kuingia maktaba kwa vitambulisho vyao vya zamani. Barua yangu iko mezani kwako. Wakati tukisubiri jibu, idara yetu inaanza: kuanzia Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, chumba cha semina kitakuwa wazi kwa mhitimu wa mwaka wowote, awe anaandika barua za maombi ya kazi, anasoma, au anapanga biashara, na mmoja wetu atakuwapo kumuuliza amefikia wapi. Wazazi, siku ya kwanza wasindikizeni watoto wenu.