Mipakani mwa Programu: Lugha ya R, Mifumo Mingine na Data za Kiswahili



Utafiti wa Kiswahili unaotumia kopasi, yaani mkusanyo mkubwa wa matini uliohifadhiwa katika kompyuta, aghalabu haukamiliki kwa programu moja. Matini huwekwa katika hifadhidata, maneno huchanganuliwa na programu ya kimofolojia, na hesabu hufanywa katika lugha ya kitakwimu kama R. Mhadhara huu unahusu mahali ambapo programu hizo hukutana na kupokezana data. Hoja yake ni kwamba makabidhiano hayo ni aina ya tafsiri, na kwamba mwanaisimu wa Kiswahili hana budi kuyasimamia mwenyewe, kwa kuwa kinachopotea hapo huweza kupotea kimya kimya.

Asili ya R

Kushirikiana na programu nyingine ni sehemu ya asili ya R. Mtangulizi wake, lugha ya S, ilianza kubuniwa mwaka 1976 na John Chambers na wenzake katika Bell Laboratories, Marekani, ili watafiti wazifikie kwa urahisi taratibu za Fortran zilizokuwapo tayari. R yenyewe ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Katika kitabu chake cha mwaka 2016, *Extending R*, Chambers aliuhesabu uunganishaji na programu nyingine kuwa mmoja wa misingi mitatu ya R. Hivi leo kifurushi cha DBI huiunganisha R na hifadhidata, Rcpp huiunganisha na C++, na reticulate huiunganisha na Python.

Haja ya kuunganisha

Kiswahili kina sababu yake mahususi ya kuhitaji viungo hivyo. R huhesabu mifuatano ya herufi. Kwake, *anasoma*, *walisoma* na *hawatasomeshwa* ni maneno matatu yasiyo na udugu wowote. Ili mzizi *-som-* utambulike pamoja na viambishi vya nafsi, njeo, ukanushi na kauli, ni lazima matini zichanganuliwe kwanza na programu inayojua sarufi. Mfano wa programu za aina hiyo ni mfumo wa SALAMA, ulioendelezwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Matokeo ya uchanganuzi ndiyo yanayokabidhiwa R, na hapo ndipo mitego ilipo.

Mtego wa kwanza: neno "na"

Katika R, herufi kubwa mbili NA ni alama ya data isiyopatikana. R inaposoma jedwali kutoka katika faili, kwa kawaida kila mahali palipoandikwa NA huhesabiwa kuwa pengo. Kanuni hiyo iliwahi kuwasumbua watumiaji wa data za nchi, kwani NA ni kifupi rasmi cha Namibia. Kwa Kiswahili tatizo ni kubwa zaidi: *na* ni miongoni mwa maneno yanayotumika sana katika lugha nzima.

Chukulia mtafiti anayelinganisha vichwa vya habari vya magazeti, vilivyoandikwa kwa herufi kubwa, na habari zenyewe. Ameorodhesha maneno katika jedwali, neno moja kila mstari. R italisoma kila NA la vichwa vya habari kuwa pengo, kisha amri yake ya kawaida ya kuhesabu marudio itayaacha mapengo nje bila onyo. Mtafiti ataandika kwamba wahariri hukwepa kiunganishi hicho. Hitimisho hilo litaonekana la kisayansi, litakuwa na takwimu, na litakuwa la uongo. Kuhamia Python hakumwokoi, maana kifurushi cha pandas nacho huifasiri NA vivyo hivyo kisipoelekezwa vingine.

Mtego wa pili: ritifaa

Ritifaa katika *ng'ombe* ni sehemu ya tahajia ya sauti moja. Programu nyingi huiona kuwa alama ya uakifishaji. Ikitumiwa kama mpaka wa maneno, *ng'ombe* huvunjika kuwa *ng* na *ombe*. Ikifutwa, *ng'oa* hugeuka *ngoa*, na kitendo cha kung'oa huwa wivu. Tena, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta. Neno moja lililochapwa kwa namna hizo mbili huhesabiwa kuwa maneno mawili.

Hitimisho

Mitego hii ina dawa. R huweza kuamriwa isiichukulie NA kuwa pengo, na ritifaa zote huweza kusawazishwa kabla ya kuhesabu. Lakini anayetoa amri hizo ni yule anayejua kwamba zinahitajika. Waundaji wa programu hawakuwa na wajibu wa kujua kwamba *na* ni neno. Mwanaisimu wa Kiswahili anao. Basi maneno na yahesabiwe kabla ya kuvuka mpaka na baada ya kuvuka. Faili fupi yenye *NA*, *ng'oa* na *ngoa* itangulizwe kama jaribio. Na kila tasnifu ieleze jinsi data zake zilivyosomwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno ya lugha ni mali.