Picha ni Kali, Lakini Ina Ukweli?

(Mazungumzo na wanafunzi wa klabu za afya, shule za sekondari za Kibondo na Kasulu)

Huko nyuma mnanisikia? Haya.

Leo sikuja na bango la mbu wala la virusi. Nataka tuongee habari za picha. Zile mnazoangalia kwenye kibanda siku ya gulio, kwenye simu ya kaka, au kwa jirani mwenye sola na televisheni. Msinifiche. Nikiuliza dalili za malaria wananyoosha mikono watu watano, nikiuliza steringi wa picha ni nani, darasa zima linasimama!

Sasa picha ikiisha huwa tunasemaje? "Kali!" Au, "Bovu, wametulia hela." Basi, hukumu imekwisha, tunaenda kulala. Mimi naomba twende mbele kidogo. Kila picha tuipe alama mbili, kila moja juu ya kumi. Ya kwanza ni ya utamu: imekuchekesha, imekuliza, ulitamani isiishe? Hapo toa unavyojisikia, hakuna wa kukupinga. Ya pili ni ya ukweli: yale yaliyotokea mle ndani yangetokea hapa kwetu, mambo yangeishaje, na nani angelipa gharama? Hapo lazima utoe sababu.

Naanza mimi. Mkitaka kubisha, bisheni na sababu.

COMMANDO, ya mwaka 1985. Picha hii ina umri kunizidi, lakini vibandani bado ina wapenzi. Arnold Schwarzenegger anamtafuta binti yake aliyetekwa, na mwisho anamaliza jeshi zima peke yake. Utamu nampa 8. Ukweli nampa 1, na hiyo moja ni kwa sababu baba kweli humpenda mwanawe. Risasi za maadui zote zinaenda pembeni! Katika picha za namna hii steringi akijeruhiwa anafunga kitambaa, kazi inaendelea. Kwetu ukikanyaga msumari wenye kutu unaosha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha unakwenda zahanati kuuliza sindano ya pepopunda. Na kijana anayeendesha pikipiki kama steringi kwenye barabara ya vumbi, bila kofia ngumu, akianguka hakuna mtu wa kusema "turudie."

Hapa niseme neno moja juu ya wale wanaotutafsiria. Mnajua picha nyingi za nje zinatufikia na sauti ya Mswahili juu yake. Huyu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ni mmoja wa waliovuma kwa kazi hiyo Tanzania. Mtafsiri mzuri haishii kwenye maneno ya wahusika. Anatania, anaonya, anamkemea adui, anatoa mfano wa uswahilini. Kwa maneno mengine, naye anatoa alama! Kama yeye anaruhusiwa kuisemesha picha, na wewe uliyelipa kiingilio unaruhusiwa kuijibu. Hata shirika la FilmAid, lililoonyesha picha kwenye kambi za wakimbizi za mkoa wetu miaka ya 2000, lilitaka watu waongee baada ya kutazama.

KUCH KUCH HOTA HAI, ya mwaka 1998. Naona akina dada wameshaanza kutabasamu. Utamu ni 10, sina ubishi, picha hii inaniliza mpaka leo na digrii yangu. Lakini acheni nyimbo kidogo, mwangalieni Tina, aliyeigizwa na Rani Mukerji. Anajifungua mtoto wa kike, kisha anafariki. Alijua kwamba ujauzito ule ulikuwa na hatari, akamficha mumewe kwa sababu alimpenda na alitaka ampatie mtoto. Anaacha barua nane, binti asome moja kila siku yake ya kuzaliwa. Kibanda kizima kinalia.

Ukweli nampa 5. Kwamba mama anaweza kufa kwa uzazi ni kweli, na katika vijiji vyetu tunazijua familia zilizopatwa. Nilichomnyima alama ni hiki: picha inafanya kuficha hatari kuonekane ni mapenzi. Jamani, kuficha hakumwokoi mtu. Mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa sana kichwa, anayeona ukungu, aliyevimba uso na mikono, au aliyepata degedege, anatakiwa kuwahishwa kituo cha afya saa hiyo hiyo, na mume na majirani wajue. Huko nyuma tatizo kubwa kwetu lilikuwa umbali wa kufika penye upasuaji. Kuanzia mwaka 2006 mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies ulisaidia kuweka vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya vya mkoa wa Kigoma, na kuwafundisha watumishi ambao si madaktari bingwa kufanya upasuaji wa uzazi. Lakini chumba cha upasuaji hakimfuati mtu nyumbani. Ni lazima mtu aseme, na ni lazima mtu atoke.

Sasa kabla sijaendelea. Kwenye boksi la maswali nilikuta karatasi isiyo na jina. Imeandikwa hivi: "Dada, mbona kwenye picha wanalala pamoja usiku, asubuhi wanakunywa chai, na hakuna mimba wala ugonjwa?" Wengine mnacheka, lakini aliyeandika ameuliza swali kubwa kuliko yote ya leo.

Jibu ni hesabu ya muda. Picha ina saa mbili. Mimba ina miezi tisa. Virusi vya Ukimwi vinaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kuona dalili yoyote. Kwa hiyo picha inaisha kabla ya deni kufika! Wale waigizaji wamelipwa, wameenda nyumbani kwao. Wewe ukiiga, picha yako haizimwi. Inaendelea wiki ijayo, mwezi ujao, na mwaka wa mtihani.

Ndiyo maana naipenda YELLOW CARD ya Zimbabwe, ya mwaka 2000, iliyoongozwa na John Riber. Jina lake maana yake ni kadi ya njano. Tiyane ni kijana wa shule, anacheza mpira vizuri, ana ndoto kubwa. Analala na rafiki yake Linda, halafu moyo wake unaenda kwa msichana mwingine. Linda anapata mimba. Siku moja Tiyane anajikuta na mtoto mchanga mikononi, na mechi zinamsubiri. Utamu 7. Ukweli 9, kwa sababu picha hii inakubali kuendelea mpaka deni linafika.

Ile alama moja niliyobana ni ya Linda. Tunamfuata sana kijana, ndoto zake na mpira wake. Na Linda je, shule yake iliishia wapi? Kwetu kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alikuwa anafukuzwa shule, basi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi kwenye masomo. Wasichana, mlijue hilo, na mwambieni mwenzenu aliyeko nyumbani akidhani mlango umefungwa. Wavulana, msikae mkasema hayo ni ya wasichana. Kama hujawa tayari kumlea mtoto, hujawa tayari kwa kile kinachomleta. Kusubiri ndiyo njia ya uhakika, na kwa atakayeshindwa kusubiri kuna kondomu. Hiyo wala haipunguzi uanaume wa mtu.

Tuje kwa YESTERDAY, ya Afrika Kusini, mwaka 2004. Imechezwa kwa Kizulu na Leleti Khumalo ndiye mhusika mkuu. Jina la mama huyo ni Yesterday. Anagundulika ana virusi. Mumewe, anayefanya kazi migodini Johannesburg, anampiga alipomwambia, lakini akirudi nyumbani mgonjwa ni yeye yule mke anayemuuguza, huku wanakijiji wakiwaogopa. Anaomba jambo moja tu, aishi mpaka binti yake aanze shule. Utamu 9. Lete leso.

Ukweli? Kwa wakati ule ningempa 10. Kwa leo nampa 6. Nisikilizeni vizuri hapa, maana picha nazo huzeeka. Mtu akiitazama leo anaweza kutoka akidhani kuwa na virusi ni kusubiri kaburi, akaogopa hata kupima. Tanzania ilianza kutoa dawa za kupunguza makali, ARV, bila malipo mwaka 2004, mwaka ule ule wa picha hiyo. Leo anayepima mapema na kumeza dawa kila siku anaishi, anafanya kazi, anamwona mwanawe akimaliza shule. Virusi vyake vikishuka mpaka kipimo kisivione, na vikabaki hivyo, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kupima bila kusubiri idhini ya mzazi. Ikitokea mtu amebakwa, afike kituo cha afya haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia maambukizi.

Ya mwisho ni ya hapa nyumbani, CHUMO ya mwaka 2011. Kijana mvuvi anampenda Amina, baba anamtaka tajiri. Humo ndani kuna malaria na ujauzito, maana picha ilitengenezwa kwa ajili ya kampeni dhidi ya malaria. Utamu 7, ukweli 8. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo habari ya mjamzito kulala kwenye chandarua na kumeza vidonge vya SP kliniki ni yetu kabisa. Nimekata mbili kwa sababu ni ya pwani. Mama wa huku milimani, wakati wa masika, ana safari ndefu ya kwenda kliniki, na ningependa siku moja nione picha inayomfuata yeye.

Mtasema, dada anazipendelea picha za afya. Hapana, nazo zikagueni! Mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri mkoani Tanga, mradi wa wakati wa ukoloni ulitengeneza picha fupi na kuzizungusha kwa lori, kufundisha watu kilimo, kodi na minyoo ya safura. Aliyelipia picha huwa ana lake analotaka ulisikie, liwe zuri au baya. Hata gazeti hili limelipiwa na wafadhili. Kwa hiyo nipeni alama na mimi, ya utamu na ya ukweli, na mkiniona nimedanganya mnyooshe mkono.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja achague picha moja aliyoitazama karibuni, aandike alama mbili na sababu. Halafu ajibu swali hili: picha hiyo ingeendelea miezi tisa mingine, nini kingetokea, na nani angekuwa anakipata? Mkutano ujao tutazisoma hapa mbele, bila majina. Na yule wa karatasi, popote ulipokaa, asante sana kwa swali lako. Boksi liko wazi.

Haya, nani anabisha ile 1 ya Commando? Naona mikono tayari.