Kijiji Chetu Kilianzia ku Gare



Watoto wanatuuliza: kijiji chetu cha upande wa Nzilo kilianzaka namna gani? Wengi wanajibu: siku ile chef alitupatia udongo. Sisi tunasema hapana. Kilianza ku gare ya Kolwezi, mwaka 1993.

Wakubwa wanakumbuka. Walituita bilulu, ni kusema wadudu, hata sisi tuliozaliwa hapa, ambao baba zetu walitoka Kasai kwa kazi ya mugodi na ya reli. Tulingojea treni wiki kwa wiki. Surua na kuhara viliua watoto. Ni pale wamama walianza kuchanga unga: mwenye kikombe anatoa kikombe, chungu ni kimoja, mgonjwa anakula wa kwanza. Sheria hiyo tulipanda nayo mu wagon, tukapita nayo Kamina mpaka Mwene-Ditu.

Tuliporudi, nyumba zilikuwa na watu wengine. Kazi nayo ilikuwa imekwisha: Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, haikufikisha 50,000 mu 1994. Ilibaki jembe.

Tukaenda kwa chef wa udongo, tukapatana mambo matatu. Shamba moja la muhindi ni la wote. Mbegu zinalala mu ghala moja. Na mu komite, wenyeji wanakaa pamoja na sisi. Hili la tatu lilikuwa gumu. Kati yao kulikuwa watu waliotuona tukiondoka, wakanyamaza. Hatukusahau. Lakini bila jirani, nani atachunga muhindi wako usiku?

Sasa neno moja kwa wote. Sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Ahadi ya chef ni ya heshima, lakini mwenye karatasi ya mugodi akifika kesho, tutamuonyesha nini? Ndiyo maana mchango wa mwaka huu ni wa kulipa mpimaji wa udongo na hati, kwa jina la kijiji chote, wenyeji na sisi.

Tulishafukuzwa mara moja. Mvua ya mwezi wa kumi inakaribia: ije itukute na mbegu na karatasi.