OVENI HUUMIZA HATA IKIWA IMECHOMOLEWA

(Haya ndiyo maneno aliyoyasema fundi mmoja, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa mafundi wa tawi.)



Nimeombwa niseme juu ya oveni hizi ambazo zina waya za kuchomea mkate na pia zina mikrowevu, vyote katika sanduku moja. Wengi wenu mwazipokea karakanani kila juma. Sikuja kuwafundisha kazi kana kwamba hamuijui. Nimekuja kwa sababu nina kidole kimoja kisichokunjika, nami nataka vyenu vibaki kumi.

Siku ile ililetwa oveni isiyopasha chakula. Nilichomoa plagi, nikafungua kifuniko, nikatia mkono. Nilipigwa, mkono ukaruka, ukingo wa bati ukakata mshipa wa kidole. Msimamizi alicheka, akasema, "Fundi gani wewe, waogopa kitu kisicho na stima?" Kumbe stima ilikuwamo. Ilikuwa imekaa ndani ya kapasita, ikiningoja.

Basi tuelewe jambo hili. Stima yetu ya nyumbani ni volti 240. Transfoma ya mikrowevu huipandisha kufika volti 2,000 hivi. Kisha kapasita na dayodi huongeza tena, hata magnetroni hupata karibu volti 4,000. Miliampia 50 tu zikipita kifuani zaweza kuharibu mapigo ya moyo, na transfoma hii yaweza kutoa mamia. Kwa hiyo mtu asipime upande huo oveni ikiwa inafanya kazi. Mita zetu nyingi haziwezi volti hizo, nazo zaweza kupasuka mkononi.

Kapasita nyingi zina rizista ndogo ndani, ya kumaliza stima polepole. Ikiwa nzima, dakika moja hivi yatosha. Lakini ikiwa imekatika, stima hubaki, na kwa kutazama tu hutajua. Kwa hiyo chukulia kila kapasita kuwa imejaa.

Utaratibu ni huu. Kwanza, chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona, mtu asije akaichomeka. Pili, vua saa na pete. Tatu, ngoja dakika tano. Nne, fungua kifuniko, kisha umalize stima ya kapasita kwa rizista ya volti kubwa iliyofungwa kwenye fimbo isiyopitisha stima. Gusa ncha zake mbili pamoja, kisha kila ncha na bodi. Mkono mmoja ufanye kazi, wa pili uwe nyuma. Wengine hutumia bisibisi. Haifai, maana cheche yake yaweza kuharibu kapasita na kukurukia machoni.

Baada ya hayo ndipo upime, na kwanza toa waya kwenye kile unachokipima. Anza na fyuzi, na swichi ya joto inayokata oveni ikichemka mno. Upande wa kuchoma ni rahisi: waya ya wati 2,000 yapasa kuonyesha omu 29 hivi. Kati yake na bodi pasionekane kitu. Kikionekana, hiyo ndiyo sababu swichi kubwa ya nyumba huruka kila mama akitaka kuchoma keki.

Upande wa mikrowevu, ncha mbili za magnetroni huonyesha chini ya omu moja, na kati ya ncha na bodi yake pasiwe na njia kabisa. Dayodi huwadanganya wengi. Mita ya kawaida huonyesha kwamba imekatika pande zote mbili, hata ikiwa nzima. Unganisha betri ya volti 9, dayodi na mita iliyowekwa kwenye volti, vifuatane. Nzima hupitisha upande mmoja tu. Magnetroni iliyokufa usiivunje, kwa kuwa baadhi zina kauri ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Sasa mlango. Nyuma yake huwa kuna swichi kadhaa, na mojawapo kazi yake ni kukata fyuzi kwa makusudi zile nyingine zikishindwa kuzima. Fyuzi ikikatika mara tu mlango unapofunguliwa, tazama hapo. Usiunganishe waya kupita swichi, wala usitie fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Ukifanya hivyo, oveni yaweza kuwaka mlango ukiwa wazi, na atakayesimama mbele yake ni mtoto wa mwenye nyumba, wala si wewe.

Kazi ikiisha, rudisha kifuniko kwanza. Kisha tia kikombe cha maji ndani ndipo ujaribu. Usiiwashe ikiwa tupu.

Ndugu zangu, najua jibu lenu: "Msimamizi ataka oveni sita kabla ya saa kumi, dakika tano nitazipata wapi?" Oveni sita ni nusu saa tu. Kidole changu kimekula miezi mitatu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi aonapo hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, naye mwajiri asimrudishe kwenye hatari hiyo mpaka imeondolewa. Basi mwarifuni, tena kwa maandishi, na nakala mleteeni katibu wa tawi. Mtu mmoja akidai fimbo ya rizista huitwa mwoga. Tukidai sote, itanunuliwa.

Na wale vijana wanaojifunza kazi wasiachwe peke yao na sanduku lililo wazi. Mimi siku ile nilikuwa kijana kama wao, na hakuna aliyeniambia.

Nimekwisha.