Besi Yetu ya Zamani: Hotuba juu ya Kununua, Kuuza na Kupiga Besi



Mmetutaka sisi wa halmashauri ya muziki tuseme machache juu ya besi, kwa kuwa limezuka neno kati yetu nalo halijakwisha. Wenzetu wengine wasema iuzwe besi kubwa ya kusimama iliyo ukumbini, na fedha yake inunue gitaa la besi la umeme. Wengine wasema chombo kilichotuchezesha miaka yote hii hakiuzwi. Twaona ya kuwa kila upande una haki yake. Walakini kabla hamjapiga kura, yafaa mjue mnachouza, na mnachonunua, na jina la chama hiki litakavyobaki midomoni mwa watu biashara ikiisha kwisha.

Kwanza tutaje tofauti zao. Vyombo hivi viwili vina nyuzi nne zile zile, E, A, D na G, na uzi mnene kupita wote hutetema mara 41 hivi kwa sekunde moja. Lakini besi ya kusimama ina kimo cha mtu, kama sentimita 180, na uzi wake una urefu wa sentimita 105 hivi tangu juu ya shingo hata darajani. Tumbo lake li wazi ndani, na mti wenyewe ndio uimbao. Gitaa la besi ni ubao mzito usio na tumbo, na uzi wake ni kama sentimita 86. Pasipo umeme na mashine ya kukuza sauti, halisikiki hata mlangoni.

Katika miaka ya 1930 fundi Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme ya kupakatwa, lakini haikuenea. Mwaka 1951 Leo Fender wa California akatoa ile aliyoiita Precision Bass, yaani besi ya usahihi, kwa sababu vyuma vilivyopangwa shingoni huonyesha kidole mahali pa sauti hasa. Wapigaji wa besi za kusimama walikuwa na taabu mbili: ngoma na tarumbeta zikipanda hawasikiki, na safarini mzigo wao ni mzito. Gitaa la besi liliwaondolea zote mbili, ndiyo maana likaenea duniani. Hata hivyo besi kubwa haikufa. Katika taarab ya Unguja imekaa miaka mingi pamoja na fidla, kanuni na akodiani, nayo huzichukua sauti zile kama msingi uchukuavyo nyumba.

Pili, kununua. Anunuaye gitaa la besi lililokwisha tumika na alishike kama mtu apimaye mshale kwa jicho, atazame toka kichwani hata mwilini kama shingo imepinda. Abonyeze kila uzi katika kila chuma, asikilize kama walia vibaya. Kisha auguse uzi kwa wepesi juu ya chuma cha 12, halafu aubonyeze pale pale: sauti mbili hizo zisipolingana, daraja lataka kurekebishwa. Azungushe vifundo vyote mashine ikiwaka. Na asikubali kulitia gitaa la besi katika spika ndogo ya gitaa la kawaida na kupandisha sauti sana, maana spika hiyo itapasuka.

Anunuaye besi ya kusimama na atazame ukingo wa matundu ya kifuani. Akiona tabaka za mbao zilizogandishwa, ajue ni mbao za kubandikwa. Hizo huvumilia mvua na kiangazi. Asipoziona, pengine ni mti mzima uliochongwa, wenye sauti tamu zaidi, lakini mwepesi wa kupasuka. Amulike ndani kwa tochi. Mle mna kijiti kisimamacho kati ya kifua na mgongo pasipo gundi, kimeshikwa na mkazo wa nyuzi tu. Wafaransa hukiita roho. Kikianguka, zilegezwe nyuzi mara moja, kifua kisije kikabonyea. Ufa ulio mahali pa kijiti hicho ni ghali kuuziba. Mwisho achunguze sana pale shingo ilipoungana na mwili.

Mabwana, neno hili la shingo ndilo lililotusimamisha mbele yenu.

Besi yetu tulipoinunua, aliyetuuzia alituambia kwa kinywa chake ya kuwa haina dosari. Mvua za pili hazijakatika, shingo ikaanza kuja mbele. Fundi alipokwangua rangi akakuta imevunjika zamani, ikaunganishwa, ikapakwa vanishi juu hata isionekane. Tulilipa matengenezo mara mbili kwa fedha ya sanduku la chama, na dansi mbili tukacheza pasipo besi. Sasa shingo imesimama imara, na sauti ni njema. Na kovu lake halionekani tena, maana fundi wetu naye alipaka vanishi.

Jumamosi ijayo anakuja kijana mmoja kuitazama. Apiga muziki wa kwaya, naye amekuwa akiweka akiba muda mrefu. Katika mkutano wa halmashauri mwenzetu mmoja alisema, “Tusimwambie neno. Ana macho.” Wengine tulinyamaza, na hatuwafichi ya kuwa kunyamaza kwetu kulikuwa na tamaa ndani yake, kwa maana bei kamili ya besi hiyo yatosha kabisa kulinunua gitaa tulitakalo.

Lakini tumefikiri tena. Sisi nasi tulikuwa na macho siku ile, na macho hayaoni chini ya vanishi. Tukimtenda kijana yule kama tulivyotendwa, tutakuwa tumeuza besi pamoja na haki yetu ya kumlalamikia aliyetudanganya. Tena sisi ni watumishi wa serikali. Mchana kutwa twatia sahihi karatasi za watu nao hutuamini. Haifai jioni tuwe watu wengine. Njia ya mwongo ni fupi, na mji huu si mkubwa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kijana aelezwe habari ya shingo kabla hajataja bei, aonyeshwe mahali penyewe, na maneno hayo yaandikwe katika stakabadhi. Bei ipunguzwe kwa haki. Akiwa bado aitaka, achukue. Akikataa, arudi kwake kwa amani, na besi ibaki ukumbini. Twajua ya kuwa tukiuza hivyo fedha itapungua. Basi twaomba kila mwanachama aongeze ada kidogo kwa miezi mitatu, na gitaa linunuliwe lililotumika, lililo zima, pasipo mapambo.

Wako waulizao, je, mpigaji wetu aliyejifunza kwa besi ya kusimama ataliweza gitaa? James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown huko Detroit, naye alianza kwa besi ya kusimama. Alipohamia gitaa la besi alizidi kuzivuta nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kuume, wala hakupenda kubadili nyuzi zilizochakaa. Mkono na sikio ndivyo vilivyompa sifa. Mpigaji wetu atazoea vidole kukaribiana, kwa kuwa uzi umepungua urefu. Na kazi yake itabaki ile ile, kuwaunganisha wapiga ngoma na waimbaji, na kujua wakati wa kunyamaza.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Twaomba kura ipigwe usiku huu, kabla ya Jumamosi, ili atakayempokea kijana yule mlangoni awe na neno moja la chama zima la kumwambia, nalo liwe la kweli.