Trela Likilala, Lifungwe
(Mazungumzo kwa wakulima katika baraza la wadi)

Mavuno yakishaingia ghalani, trela huegeshwa nyuma ya boma na kusahaulika hadi msimu ujao. Mwizi hasahau. Trela halina injini wala switchi; mwenye trekta hulivuta kwa dakika chache.

Wengi huchomoa pini wakaenda kulala nayo. Huo si ulinzi, maana mwizi huja na yake. Kinachofaa ni kuziba tundu la pini: pitisha humo kufuli nene, pini nyingine isiingie. Geuza mkono wa kuvutia uelekee ukutani, na ufunge magurudumu kwa mnyororo kwenye mti. Likikaa miezi, toa gurudumu moja, trela likae juu ya mawe. Gurudumu liweke ndani ya nyumba.

Piga picha ya namba ya chesi. Trela likiibwa, ripoti polisi siku hiyo hiyo, upewe namba ya OB, kisha uwajulishe Nyumba Kumi na wanunuzi wa vyuma chakavu. Hao wanatakiwa kuwa na leseni chini ya sheria ya 2015, na trela laweza kukatwa vipande kabla ya jua kuzama.